Aliyekata Mpingo Mezani Kwangu

Sitaki mtu aniambie nilikuwa nimelala. Nilikuwa na msumeno mkononi, na mtu aliyelala hakati mpingo. Akijaribu atajikata vidole, na vidole vyangu ni hivi hapa, vyote vipo. Sikuwa na homa. Pombe situmii. Watu wakisikia kisa cha namna hii husubiri niseme ilikuwa usiku wa manane na mbwa wanabweka. Hapana. Ilikuwa mchana, na nilikuwa nimeinjika viazi.

Ila nakuambia mapema kwamba nikisimulia nachanganyikiwa. Kuna mahali nitasema "mume wangu" na sitakuwa na hakika ninamsema nani. Nivumilie.

Sisi tunakaa juu ya Lushoto, unapanda njia ya Magamba, unaiacha barabara unaingia kwenye miti. Mume wangu ni seremala. Kila mtu huku anamwita Baba Upendo, kwa jina la binti yetu anayesoma Tanga, na mimi namwita hivyo hivyo. Alianza na meza na vitanda kama maseremala wote, akaja kuwa anatengeneza magita ya kwaya yaliyovunjika, mwisho akaanza kuunda ya kwake mwenyewe. Yeye huunda sanduku la gita, shingo, na kila kinachobeba uzito. Mimi kazi yangu ni urembo. Ule mviringo unaozunguka tundu la gita, ambao wengi hudhani umechorwa kwa rangi, ni vipande vya mti. Vimekatwa kimoja kimoja, vidogo kuliko punje ya mahindi, vikachomekwa kwenye mfereji na kusuguliwa mpaka kidole kisihisi kitu. Mpingo kwa weusi, mlimao kwa weupe, mninga kwa wekundu. Pwani kazi kama hiyo wanaiita njumu. Huku juu haina jina, maana naifanya peke yangu.

Vyombo vyangu si vingi. Nina bikari ambayo mguu wake mmoja ni msumari na mwingine ni kisu, hiyo inachora duara na kulikata papo hapo. Nina patasi nyembamba ya kuchimbia mfereji, na visu nilivyovichonga, samahani, nilivyovichonga ni vipini; visu vyenyewe nilivinoa kutoka kwenye bledi za msumeno wa chuma. Na nina msumeno wangu wa upinde, ambao uzi wake ni ule wanaotumia masonara, mwembamba hivi kwamba meno yake huyaoni kwa macho, unayasikia tu ukipitisha kidole. Huo ndio unaokata vipande.

Baba Upendo hakuwahi kuugusa msumeno ule. Sikumkataza. Mikono yake ni mikubwa, na ule uzi ukiukaza kwa hasira unakatika, naye hana subira na kitu kinachokatika ovyo. Na niseme jingine, si kwa kumteta: si mtu wa maneno. Watu walikuwa wanakuja, wanapitisha kidole kwenye ule mviringo, wanamwambia, "Hongera, fundi." Naye anajibu asante. Mimi nimesimama pale pale na birika la chai. Miaka yote. Sikuwa na hasira. Mtu huzoea.

Basi masika hayo kaka yake aliyeko Bungu akaugua. Bungu ni milima hii hii yetu, ukisimama mahali pazuri unaweza kunyoosha mkono ukasema ni kule, lakini huwezi kukatiza. Inabidi ushuke mpaka Mombo, uende Korogwe, kisha uanze kupanda tena. Akaondoka alfajiri, akasema atalala huko mpaka aone mgonjwa amepata nafuu. Akaniachia gita la kwaya ya usharika wetu, lililotakiwa Jumapili, maana kwaya ilikuwa inakwenda kuimba Tanga. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa urembo.

Na urembo ulikuwa umenishinda. Nilikuwa nimeamua kuweka msuko, kama ule wa ukili wa mkeka, mweusi unapita juu ya mweupe, mweupe unapita juu ya mwekundu. Unaanza mahali, unazunguka tundu, unarudi ulipoanzia. Kwangu mwisho ulikuwa haukutani na mwanzo. Nilibomoa, nikaanza upya, na bado mweusi ulifika pale ukamkuta mweusi mwenzake. Fundi yeyote angeona. Ilikuwa siku ya pili tangu aondoke, umeme umekatika tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye kizingiti, nami nimevuta meza mlangoni ili nipate mwanga. Nilikuwa karibu kulia.

Nikasikia kikohozi. Baba Upendo akikaribia nyumbani hukohoa, ndiyo hodi yake. Kisha akatokea kwenye ukungu, na kofia yake, na koti lake lile la kahawia.

"Onga mshi," akanisalimia kwa Kisambaa.

Nikaitikia, nikamuuliza mbona amerudi. Akasema alilala Mombo, barabara imeporomoka huko mbele na magari yamegeuzwa, atajaribu tena siku nyingine. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Masika barabara zetu huporomoka, hilo si jambo geni. Koti lake lilikuwa kavu, na nje kulikuwa na manyunyu. Nililiona hilo, niamini, nililiona kabisa. Nikajiambia labda amejikinga mahali.

Siku zote akitoka safari huenda kujinyoosha kitandani. Siku hiyo alivuta kigoda, akaketi ng'ambo ya meza yangu, akautazama ule mviringo.

"Kinakusumbua nini?" akauliza.

Sijui nikuelezeje. Tumeishi pamoja tangu nikiwa msichana, na swali hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nikamweleza. Nilieleza sana, nadhani nilieleza kupita kiasi, kama mtu aliyefunguliwa. Naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nimwonyeshe ninavyoshika msumeno.

Nikamwonyesha. Nina kibao chenye pengo mbele, kimekazwa mezani kwa jiliwa. Unalaza mti juu yake, unaushika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia unauendesha msumeno kufuata mchoro. Kwenye kona unaugeuza taratibu, na hapo ndipo uzi hukatika. Akatazama, akaupokea. Nikajua sasa hivi nitasikia tak.

Haukukatika. Alikata kama mtu aliyezaliwa na msumeno ule. Na hakukata nilivyomwonyesha.

"Msumeno uache usimame," akasema. "Mti ndio uzunguke."

Ndivyo alivyofanya. Msumeno ulipanda na kushuka mahali pamoja tu, na ule mpingo ukawa unazunguka chini ya vidole vyake kama kitu laini. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akacheka.

"Nakutazama siku zote," akasema. "Unadhani sikutazami?"

Sasa fikiri. Kama alijifunza kwa kunitazama mimi, na mimi sikuwa nikikata hivyo, alijifunzaje? Swali hilo lilinijia baadaye sana. Wakati ule nilikuwa nimefurahi, na mtu aliyefurahi haulizi.

Alibandua vipande vya robo ya mwisho, akapima kwa bikari nafasi iliyobaki, akaanza kukata vingine vyembamba zaidi kwa unywele. Akaniambia kosa usilifiche mahali pamoja, ligawe, kila kipande kibebe kidogo. Nikashika gundi, yeye akikata mimi nachomeka. Tukala viazi na maharage pale pale mezani. Alikula vizuri, akaomba chumvi. Watu wananiambia viumbe vya namna ile havili. Huyu alikula, akafuta sahani kwa kidole.

Tukakumbushana mambo. Alitaja siku ya harusi yetu, jinsi fundi cherehani alivyochanganya suruali, akasimama mbele ya mchungaji na suruali inayoishia juu ya soksi. Tulicheka mpaka nikashika meza. Nani mwingine angejua habari za soksi zile? Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi, akasema lile ambalo ndilo lililonifikisha hapa.

"Watu wakinipa hongera, kila mara nataka kusema ni ya kwako. Neno linafika hapa, linakaa." Akagusa koo. "Ni yako. Mimi nachonga sanduku tu."

Machozi yalinitoka. Nikasema ni moshi wa jiko. Akaniacha niseme hivyo.

Na mwisho ukakutana na mwanzo. Mweusi ukapita juu ya mweupe mahali ulipotakiwa kupita, huoni palipoungwa. Akapuliza vumbi, akaweka msumeno juu ya meza taratibu, akainuka.

"Ngoja nikamwangalie ng'ombe," akasema.

Akatoka, ukungu ukamchukua. Nilimsikia akikohoa upande wa banda. Basi.

Nikapiga msasa, nikaosha vyombo, nikachemsha chai. Ukungu ukaanza kuinuka, nikaona miti, nikaona banda. Nikaenda. Ng'ombe amelala anacheua, hana habari. Niliangalia chini: nyayo za ndala zangu, za kuku, na kwato. Za viatu vyake sikuziona. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wetu mwekundu mvua ikipita unafuta kila kitu, kwa hiyo sijui. Nilidhani amekwenda kijijini bila kuaga, nikaingiwa na hasira kidogo, jinsi siku ilivyokuwa nzuri halafu anafanya hivyo. Nikampigia simu nimgombeze.

"Uko wapi wewe?" nikamuuliza.

"Kwa kaka. Nitakuwa wapi?"

Nyuma yake nikasikia watu wanaongea, mtoto analia, sufuria zinagongana. Akaniuliza kuna nini nyumbani. Shemeji yangu, mke wa huyo kaka, akaichukua simu akanisalimia, akashukuru tulivyomruhusu Baba Upendo aje, akasema amekuwa pembeni ya mgonjwa tangu jana hajatoka hata uani, na mgonjwa leo amekunywa uji. Nikasema Bwana asifiwe. Nadhani nilisema hivyo. Kisha nikakaa chini nikizitazama zile sahani mbili nilizozifudikiza kwenye chanja.

Jirani yetu wa karibu ni Bibi Rehema, mama wa Kiislamu, mjane, mtu mzima mwenye akili zake. Nikaenda, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kwa kuzunguka kama mchana aliona mtu kwangu. Akasema kwa ukungu ule hakuona hata kuku wake. Lakini alikuwa anachambua maharage barazani na alitusikia.

"Nilisikia mnacheka, wewe na mumeo," akasema. "Nikasema alhamdulillahi, leo nyumba ile imecheka."

Nililala kwake siku hiyo na zilizofuata, mpaka Baba Upendo aliporudi kutoka Bungu, kwa basi, na tope mpaka magotini.

Sikumwambia kitu. Nilitaka kwanza aoge, ale. Lakini seremala akiingia ndani huangalia kazi kabla ya chakula. Akalichukua gita, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye mviringo, pole pole. Kidole kilifika kwenye ile robo ya mwisho kikasimama.

"Hapa si mkono wako," akasema.

Nikamwambia maji ya kuoga yako tayari.

"Wewe ukikata, kipande kinalalia kushoto kidogo. Vyote. Hivi vimesimama wima." Akanitazama. "Nani alikaa hapa?"

Sikiliza, katika miaka yote ile sikujua kwamba anajua. Hata mimi sikujua kama vipande vyangu hulalia kushoto. Kumbe alikuwa anaangalia. Nilikuwa nimesimama pale naogopa, na huku nafsi nyingine ndani yangu inafurahi, na sikujua nishike lipi.

Nikamweleza. Bila shaka hakuniamini. Mwanamke anakuambia alikaa mchana kutwa na mwanamume, wakala, wakacheka, na huyo mwanamume ni wewe mwenyewe, ungeamini? Hakunipiga, si mtu wa hivyo. Alivaa kofia akatoka. Alikwenda kuuliza majirani nani aliingia kwangu, na mwisho akafika kwa Bibi Rehema, naye mama wa watu akamwapia kwamba sauti aliyoisikia ilikuwa ya Baba Upendo na si ya mwingine, na kikohozi pia.

Akarudi na kofia mkononi. Akakaa kwenye kigoda kile kile, hajui ni kile kile, nami sikumwambia.

"Alisema nini?" akauliza.

Nikamwambia yote. La suruali. La kwamba kosa ligawe. Na lile la hongera nikamwambia pia, neno kwa neno, na hata alivyogusa koo. Alikuwa ameinama anatazama mikono yake.

"Sasa mimi nifanye nini?" akasema. "Hata nikikuambia hivyo leo, utasema nimemwiga."

Nilitegemea atachukua patasi aubomoe ule mviringo. Alikwenda kuichukua kweli, akasimama nayo, akairudisha mahali pake. Gita likaenda kwenye kwaya. Lilipopigwa mara ya kwanza kanisani kule Tanga lilikuwa na sauti nzuri, ya kawaida, halikufanya maajabu yoyote. Baada ya ibada mpiga gita akaja mbio kumshika mkono mume wangu, akampa hongera kwa ule msuko, kwamba hajaona mfano wake.

"Si mimi," Baba Upendo akasema.

Watu wakacheka, wakadhani ni unyenyekevu. Nilikuwa kando yake. Nilimtazama usoni nione anamaanisha ni mimi au anamaanisha ni yule. Hakugeuka. Sikumuuliza njiani, na sasa imekuwa vigumu kuuliza.

Mchungaji alikuja kutuombea nyumbani. Bibi Rehema alifukiza ubani kwenye karakana, nikamwacha. Mzee mmoja alituambia msitu wa Magamba una watu wake na ukungu ndio mlango wao. Mwingine akasema ni nafsi ya mume wangu mwenyewe, ilichoka kukaa kimya ikatoka bila yeye kujua, wakati mwili umekaa Bungu kando ya mgonjwa. Ningependa iwe hivyo. Lakini kama ni yeye, mbona hakumbuki? Na ule ufundi wa msumeno ulitoka wapi?

Maana huo nimebaki nao. Nilijaribu kurudia nilivyokuwa nikikata zamani, mkono umekataa. Sasa msumeno wangu unasimama na mti unazunguka, uzi haukatiki ovyo, vipande vinasimama wima. Kazi imekuwa bora, kila mtu anasema. Baba Upendo akiingia akanikuta nakata, hutazama mikono yangu kidogo, halafu hutoka nje kutafuta kitu ambacho najua hakijapotea. Ana wivu na mtu mwenye uso wake. Tutamshtaki wapi mtu wa namna hiyo?

Na mimi je? Mimi nimeharibika kwa njia nyingine. Ukungu ukishuka nafunga mlango, na Baba Upendo akifika hukaa nje ananipigia simu kwanza, nione jina lake likiita ndipo nifungue. Tumezoea. Lakini baya zaidi ni hili. Akirudi amekasirika, analalamika ugali umepoa, moyo wangu unatulia, huyu ndiye. Juzi alinikuta nimeinamia kazi, akaweka mkono begani kwangu, akasema pole kwa kazi. Neno dogo tu. Nilishtuka mpaka kisu kikaniponyoka, nikageuka kumtazama viatu kama vina tope. Alinielewa. Alitoa mkono wake begani kwangu, akaenda zake.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, sijui kama kwenu kuna ukungu. Ukiwa peke yako, na mtu wako uliyejua yuko safari akaingia na koti kavu, usikimbilie kufurahi. Mpigie simu kabla hujampa kigoda, na zaidi sana akiwa mwema kuliko ulivyomzoea. Na kama kuna neno zuri unamwekea mwenzako, limekukaa kooni mwaka huu na mwaka uliopita, usilale nalo leo. Likishasemwa na mwingine kwa sauti yako, halitakuwa lako tena.